Sifa za Mtunza Matoleo

Katika kazi ya kuhariri filamu, ambayo mafundi wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, wanaiita montaji, sifa humwendea aliyeshika kamera na aliyekata picha, ilhali fundi wa tatu, mtunza matoleo, yule anayejua wakati wowote faili lipi liko mikononi mwa nani na toleo lipi ndilo halali, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, wahariri wawili au zaidi wanaposhirikiana katika mradi mmoja, ufundi wake ndio unaoamua kama filamu itakuwepo au haitakuwepo.

Mradi wa video si video yenyewe. Picha ghafi zitokazo kwenye kamera ni nzito, kwani saa moja tu ya picha za HD katika muundo wa ProRes 422 hufikia gigabaiti 55 hivi. Lakini faili la mradi, yaani maelekezo yanayoiambia programu ichukue kipande kipi, kianzie wapi, kiishie wapi na sauti gani iambatane nacho, kwa kawaida ni dogo mno likilinganishwa na picha hizo. Tofauti hiyo ndiyo nafuu kubwa ya fundi afanyaye kazi mahali ambapo umeme hukatika na intaneti ni ghali. Butembo na Beni zinatenganishwa na kilomita 54 hivi za barabara ambayo usalama wake umekuwa wa mashaka kwa miaka mingi, na hakuna mwenye busara atakayeruhusu diski yenye picha asilia za pekee ipite huko kila wiki juu ya pikipiki. Mtunza matoleo huandaa diski mbili zilizo sawa, zenye majina yaleyale na mpangilio uleule wa folda, moja ikakaa kila mji, kisha kinachosafiri baina ya wahariri kikawa lile faili dogo peke yake.

Faili likishaanza kusafiri, inabidi ijulikane nani ana haki ya kuliandika. Watunzi wa programu za kompyuta walilishughulikia jambo hili zamani: mfumo wa RCS, uliobuniwa na Walter Tichy mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulimtaka mtu aazime faili, alifunge asije mwingine akaligusa, kisha alirejeshe pamoja na maelezo ya alichobadilisha, na Git, iliyoundwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ikawapa watu wengi uhuru wa kubadilisha faili moja kwa wakati mmoja na kuyaunganisha mabadiliko yao baadaye. Uhuru huo unawafaa waandishi wa programu kwa sababu kazi yao ni mistari ya maandishi. Katika filamu sivyo: mhariri wa Beni akipunguza onyesho kwa sekunde mbili, kila kinachofuata katika mpangilio wa filamu husogea, na muziki ambao mwenzake wa Butembo ameupanga kwa uangalifu huangukia penye kilio badala ya ngoma. Ndiyo maana ulimwengu wa video umebaki na kufuli: Avid Media Composer na DaVinci Resolve huifunga sehemu inayofanyiwa kazi na mmoja, wengine wakaiona bila kuibadilisha. Apple nayo iliuza Final Cut Server kwa ajili hiyo kuanzia mwaka 2008, ikaiacha mwaka 2011, na waliokuwa wameitegemea programu badala ya desturi wakabaki mikono mitupu.

Desturi yenyewe haihitaji seva. Mhariri hutangaza kwamba amechukua, hufanya kazi juu ya nakala mpya yenye tarehe, namba na herufi za jina lake, hurejesha, na huandika sentensi moja au mbili za kueleza kilichobadilika na kwa nini. Ni nidhamu ya daftari la mfanyabiashara wa jumla, mtu ambaye Butembo inamfahamu vizuri, asiyefuta hesabu ya jana bali huandika mstari mpya chini yake. (Faili lililoitwa "mwisho", likafuatwa na "mwisho kabisa", linatosha kuonyesha kwamba mradi hauna mwenyewe.)

Hasara ya kukosa nafasi ya kutunza inaonekana ng'ambo ya mpaka, huko Wakaliga, Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe. Diski haikuweza kubeba filamu iliyokwisha pamoja na ile iliyofuata, hivyo ya kwanza ikafutwa; kinachotazamwa leo duniani kote ni toleo lenye sauti ya msimulizi VJ Emmie juu yake, na lililotangulia halipo tena. Sauti hiyo ni tamu na imeipa filamu umaarufu, lakini hakuna awezaye tena kuchagua kuisikiliza filamu bila yeye.

Kwa Beni na Butembo, kuna sababu nzito zaidi ya sanaa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu 2,287, na katika muda huo ujumbe kwa wananchi haukuweza kubaki vilevile. Chanjo ya kwanza, iliyoanza kutolewa Agosti 2018, ilikuwa ya dozi moja. Novemba 2019 ikaongezwa Goma chanjo nyingine ya dozi mbili zinazopishana kwa siku 56. Filamu fupi ya uhamasishaji inayosema sindano moja yatosha ni sahihi mahali pamoja na ni hatari mahali pengine, na ikiwa imewekewa sauti ya Kiswahili, ya Kinande na ya Kifaransa, basi kila badiliko la picha linadai matoleo matatu yafuatiliwe kwa pamoja. Katika hali kama hiyo toleo la jana halijachakaa tu, limekuwa kosa linalotembea kutoka simu hadi simu, na ni daftari la mtunzaji pekee linaloweza kuonyesha lipi liondolewe na nani alikabidhiwa.

Watayarishaji wa Butembo na Beni, ambao huorodhesha mwishoni mwa filamu hadi aliyewapikia waigizaji, na waongeze mstari mmoja kwa ajili ya mtunza matoleo, na wamlipe kuanzia siku ya kwanza ya kupiga picha, wasingoje siku faili linapopotea.