Viti vya Myddle: Kijiji Kilichoandikwa Kutoka Kanisani

Mwalimu anapowaagiza wanafunzi wake waandike historia ya kijiji chao, mara nyingi huletewa insha za namna moja: jina la mwanzilishi, orodha ya machifu, mwaka wa kujengwa shule, kisha nukta. Watu hawamo. Hatuwezi kuwalaumu wanafunzi, kwani hatukuwaonyesha mfano ulio bora. Katika makala haya twataka kukichambua kitabu kimoja cha zamani cha Uingereza ambacho, kwa maoni yetu, chaweza kutufaa katika jambo hili, na pia kutuonya.

Kitabu hicho ni historia ya Myddle, kijiji cha wakulima kilichoko Shropshire, kaskazini ya mji wa Shrewsbury. Mtunzi wake, Richard Gough, alikuwa mkulima mwenye shamba lake katika kitongoji cha Newton, tena mjuzi wa mambo ya sheria. Aliandika kati ya 1700 na 1702, umri wake ukiwa yapata miaka 65, na akafariki mwaka 1723. Maandishi yake hayakupigwa chapa hadi 1834, tena kwa sehemu tu. Yote yalitoka mwaka 1875.

Sehemu ya kwanza ya kitabu ni ya kawaida. Mtunzi aeleza mipaka ya parokia, ngome iliyobomoka, makasisi waliofuatana, mashamba makubwa, na kanisa dogo la Hadnall lililokuwa chini ya kanisa la Myddle, kama vigango vyetu vilivyo chini ya parokia. Laiti angeishia hapo, tusingekuwa na haja ya kumtaja leo.

Ubora wake umo katika sehemu ya pili. Hapo Gough achora ramani ya viti vya kanisani, kisha apita kiti kwa kiti akiuliza: ni nyumba ipi yenye haki ya kukaa hapa, na ni nani waliopata kuishi katika nyumba hiyo? Kwa desturi ya huko kiti kilifuata nyumba, hakikumfuata mtu. Mabwana walikaa mbele, wakulima wenye mashamba nyuma yao, na wenye vibanda nyuma kabisa na pembeni. Kwa hiyo mtunzi aliyeanza na swali dogo la haki ya viti alijikuta anaandika habari za jamii nzima, tabaka kwa tabaka. Tarikhi za pwani yetu, kama zile za Kilwa na Pate, hufuata viti vya enzi. Gough alifuata viti vya watu wote waliokuwa na pa kukaa.

Na watu hao wako hai. Wamo walioyanywea mashamba yao katika vilabu vya pombe, waliochoshana kwa kesi, na walioinuka kwa bidii yao. Yumo mtu mmoja wa familia ya Wenlock aliyezoea kuiba vijiti vya nyua za jirani apate kuni za tanuri lake. Mtumishi mmoja akatoboa kijiti, akakijaza baruti, akakiacha uani. Mwizi akakichukua, akakitia motoni, na paa la tanuri likarushwa hewani. Kisa hicho chatufundisha habari za kuni, umaskini na ujirani kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Mtunzi huyu hajui kuchekesha tu. Alipokuwa mtoto wa miaka minane hivi aliona watu wakikusanywa mlimani Myddle kuandikishwa jeshi la mfalme, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642. Alipozeeka aliwahesabu: kutoka Myddle, Marton na Newton walikwenda watu 20, na 13 kati yao wakauawa. Kisha asema kwamba, ikiwa vitongoji vitatu vilipoteza wengi hivyo, msomaji na akadirie maelfu waliokufa nchini kote. Hivyo ndivyo kijiji kinavyoifasiri nchi.

Hata hivyo, kitabu hakikosi dosari. Mfumo wa viti humtupa nje asiye na kiti. Watumishi na wapita njia huonekana pale tu wanapogongana na wenye nyumba, na wanawake wengi huingia kwa mlango wa baba au mume. Tena Gough huhukumu upesi: umaskini wa fulani aueleza kwa uvivu wake, mara chache kwa bei ya mazao au kwa kodi. Mwanahistoria David Hey, aliyelinganisha habari zake na hati nyingine katika kitabu chake cha 1974, aliona kwamba kwa jumla zaaminika. Lakini ukweli wa habari ni jambo moja, na uadilifu wa hukumu ni jambo jingine.

Hapo ndipo lilipo swali gumu kwetu walimu. Gough aliwataja wezi na walevi kwa majina. Alijitetea kwa kusema kwamba anayechukia kusoma aibu za wazee wake aepuke mwenendo wao, asije naye akaacha doa. Hoja hiyo ina nguvu, lakini tukumbuke kwamba maandishi yake yalikaa miaka zaidi ya 130 bila ya kupigwa chapa. Insha ya mwanafunzi wetu husomwa kesho na mtoto wa anayetajwa, aliyeketi dawati la pili. Katika nchi ambazo jirani bado anakumbuka alilotendewa na jirani, neno lililoandikwa si mchezo.

Ushauri wetu ni huu. Wanafunzi waige mbinu ya Gough bila ya kuiga hukumu zake. Wachague kitu ambacho watu wote hukizunguka, kama vile kisima, safu ya maduka, au mipaka ya mashamba, kisha waulize nyumba kwa nyumba. Na kabla ya kukabidhi insha, kila mwanafunzi aongeze ukurasa mmoja juu ya wale ambao njia aliyoichagua haikuwafikia. Ukurasa huo Gough hakuuandika, nasi twaona ndio utakaompa mwalimu kazi kubwa ya kusahihisha.