Bandari, Mlango na Hodi: Juu ya Istilahi za Simu za Intaneti

Katika tafsiri za maandishi ya kompyuta huonekana neno bandari likisimama mahali pa neno la Kiingereza "port". Tafsiri hii ina kasoro, wala kasoro yenyewe si ya ladha tu. Kiingereza kina maneno mawili yaliyofanana kwa umbo: moja limetoka katika Kilatini portus, yaani bandari, na la pili katika porta, yaani lango. Neno la kompyuta ni la ukoo wa pili. Mfasiri aliyelishika la kwanza amedanganywa na mfanano.

Sauti ipitayo katika intaneti haitii nanga popote. Anwani ya kompyuta ni kama nyumba. Namba za milango yake, tangu 0 hata 65535, huonyesha ni programu ipi ipokee kilicholetwa. Lugha ambayo hata baharini husema mlango wa bahari haikuwa na haja ya kukimbilia bandarini. (Poti, neno la kukopa, halina kosa, lakini halimfunulii msomaji kitu.)

Madhara yake hudhihirika katika simu. Kwa kanuni ya SIP, iliyotolewa mwaka wa 2002 katika waraka RFC 3261, maneno ya kuandaa simu hupita kwa kawaida katika mlango 5060, au 5061 yakisimbwa. Sauti yenyewe haipiti hapo. Huchukuliwa kwa RTP katika milango mingine, ambayo pande mbili hutajiana kwa kila simu. Sasa, mji huwa na bandari moja ishushayo shehena yote, lakini nyumba ina mlango wa mbele na wa uani. Fundi aliyefundishwa bandari huelekea kufungua 5060 peke yake: simu hulia, hupokewa, kisha kimya.

Neno ishara, litumiwalo kwa maandalizi hayo, nalo ni dhaifu. Ishara hutolewa na mmoja. Hapa pana kuuliza na kujibu. Apigaye hutuma ombi liitwalo INVITE. Hujibiwa 180, yaani simu inalia, 200 ikipokewa, au 486 mwenyewe akiwa na shughuli. Likipelekwa kwa UDP lisijibiwe, hurudiwa baada ya nusu sekunde, kisha muda hukunjwa mara mbili kila mara, hata litimie mara saba. Baada ya sekunde 32 hukatiwa tamaa. Mgeni wa Kiswahili huondoka kwa hodi ya tatu, lakini tendo ni lile lile. Kwa hiyo hodi hufaa kuliko mwaliko, kwa kuwa kwetu mwalikaji ndiye mwenye nyumba, na hapa anayenena kwanza ni yule aliye nje.

Hata hivyo hodi haikidhi yote. INVITE huweza kutumwa tena katikati ya maongezi, na upande wowote, kwa mfano kuisimamisha simu kwa muda. Hapo hakuna abishaye hodi, maana wote wamekwisha kuingia. Pengine ombi la kubadili ndilo litakalofaa.