Mwandishi na Paka Wake

Siku moja ya Mungu, baada ya Misa, mzee mmoja wa parokia yetu aliona kitabu mikononi mwetu, akauliza: «Mwalimu, hicho kinasema habari gani?» Tukamjibu: «Habari za paka, mzee.» Akacheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. «Paka! Mtu mzima ameketi akaandika habari za paka, na mtu mzima mwingine anazisoma!»

Hatukukasirika. Kwetu paka ni mtumishi. Analinda mahindi na maharagwe, panya wasiyamalize, na mshahara wake ni vichwa vya sambaza na mahali pa kulala karibu na jiko. Wengi hawampi hata jina. Lakini kicheko cha mzee kilitufuata mpaka nyumbani, tukaona ni vema kumjibu hapa mbele ya wasomaji wote. Je, mwandishi mkubwa aweza kutumia karatasi yake kwa ajili ya paka bila kupoteza wakati wake na wetu?

Mwandishi huyo ni Bibi Doris Lessing. Alizaliwa mwaka 1919 huko Kermanshah, katika nchi ya Uajemi, wazazi wake wakiwa Waingereza. Baba yake alikuwa amepoteza mguu mmoja katika Vita Kuu ya Kwanza. Mama yake alikuwa muuguzi. Doris akiwa bado mtoto mdogo walihamia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, wakalima mahindi katika shamba ambalo halikuwatajirisha. Binti alisoma kwa Masista Wadominikani mjini Salisbury, mji uitwao leo Harare, lakini akaacha shule mapema, akiwa na miaka kumi na minne hivi. Tangu hapo walimu wake walikuwa vitabu. Mwaka 1949 akafika London pamoja na mtoto mmoja wa kiume na riwaya yake ya kwanza, The Grass Is Singing, iliyochapwa mwaka 1950. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, akafa mwaka 2013 mwenye miaka 94. Basi, si mtu aliyekosa la kuandika.

Kitabu chenyewe kinaitwa Particularly Cats, nacho kilitoka mwaka 1967. Baadaye aliongeza habari za Rufus, paka mgonjwa asiye na mwenyewe aliyekuja kuomba nafasi nyumbani kwake. Na mwaka 2000 akatoa kitabu kidogo juu ya uzee wa paka mwingine, aliyemwita El Magnifico. Tukivisoma pamoja twaona maisha yote ya mwandishi, toka shamba la utoto mpaka nyumba ya uzee, na mlangoni kila mara kuna paka.

Msomaji akidhani atakuta hadithi tamu za kuchekesha watoto, atashtuka mapema. Pale shambani paka walizaana bila kipimo. Wengine walikimbilia porini wakawa wakali, wakarudi kuzaana na wale wa nyumbani. Lazima mtu apunguze watoto wa paka, na mtu huyo alikuwa mama. Hakuna aliyemshukuru, ilikuwa kazi iliyofanywa kimya, wengine wakitazama upande. Mwaka mmoja mama alichoka, akaacha. Muda si mrefu wakawa paka kama arobaini, ndani na nje. Halafu mama akasafiri siku chache, akawaachia baba na binti kazi ile. Baba akajaribu kwanza dawa ya usingizi, ikawa polepole mno na mbaya kutazama. Mwishowe akachukua bastola yake ya zamani ya vita. Kazi ilipokwisha, baba alikuwa kama mgonjwa.

Tulisoma kurasa hizo mara mbili. Mwandishi hapambi neno lolote, wala hajitafutii sifa ya kuwa na moyo mwororo. Anaonyesha jambo ambalo kila nyumba inalijua na hailisemi: wema wa nyumba nzima mara nyingi hukaa juu ya mgongo wa mtu mmoja anayefanya kazi chafu, na siku anapoiweka chini ndipo wengine wanajua uzito wake. Mtu mwingine angeyaandika haya kwa habari za mama tu, akatuchosha kwa mafundisho. Lessing ameyaandika kwa habari za paka, nasi tukamwona mama.

Pili, twamsifu kwa sababu ya macho yake. Katika hadithi zetu za jioni, Sungura na Fisi wanasema, wanadanganya, wanakopa na kukataa kulipa. Hao ni watu waliovaa ngozi ya wanyama, na ndivyo hadithi hizo zinavyotaka. Lessing anashika njia nyingine. Paka wake wawili wa London hawapewi hata majina katika kitabu: mmoja ni paka wa kijivu, mwingine ni paka mweusi, basi. Wa kijivu ni mzuri, anajua ni mzuri, na kazi ya umama haimpendezi. Mweusi hana uzuri ule, lakini akiwa na watoto anakuwa malkia. Wanashindania kitanda, chakula na mapenzi ya mwenye nyumba, wala hawasemi neno. Mwandishi analazimika kutazama mkia, masikio, namna ya kuketi na namna ya kutoka chumbani. Tunaamini huo ndio mfungo mzuri kwa mwandishi wa riwaya. Aliyezoea kuwatia watu maneno kinywani anakaa mbele ya kiumbe asichoweza kukitia neno, anajifunza kungoja. Mara chache anateleza, akamfanya paka wa kijivu kuwa bibi mwenye maringo kupita anavyoweza kuwa paka. Lakini anarudi upesi.

Sura nzuri kuliko zote ni ile ya ugonjwa. Paka mweusi alishikwa na ugonjwa wa tumbo unaoua paka wengi. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kata shauri kufa: hakula, hakunywa, alitafuta mahali pa baridi alale hapo. Mwandishi akakataa. Akamfunika apate joto, akamtilia maji ya sukari kinywani kidogo kidogo, mchana na usiku, siku baada ya siku, hata alipomchukia kwa hayo. Paka akapona. Aliyepata kumwuguza mtu aliyekata tamaa atatambua kila neno, na hata ule uchovu wa asubuhi ya tatu, usio na utamu wowote.

Sasa tuseme yanayotusumbua, kwa maana kusifu tu si kazi yetu. La kwanza: kurasa za shamba zimejaa mwewe, nyoka, kuku na paka, lakini watu weusi waliolima shamba lile wanapita kama vivuli. Mwandishi aliyeona kila unywele wa paka hakukosa macho. Riwaya yake ya kwanza yenyewe yazunguka mtumishi mweusi na bibi mzungu wa nyumba. Katika kitabu hiki lakini aliwaacha mlangoni. Msomaji wa Afrika anaona pengo hilo, na ana haki ya kulisema.

La pili ni zito zaidi. Lessing alipoachana na mume wake wa kwanza, katika mwaka 1943, watoto wao wawili walibaki na baba yao huko Rhodesia. Tumesikia watu wakisema: «Aliacha watoto, akakesha na paka.» Neno hilo ni kali, na ni jepesi kusema. Hatukupewa mizani ya mioyo ya watu, wala hatusemi kwamba kuwaacha watoto ni jambo dogo. Twasema tu tunachokiona katika kitabu. Kutoka ukurasa wa shamba mpaka ukurasa wa London, swali ni lile lile: mama ni nani? Mama anayechoka ni mbaya? Yule wa shamba aliacha kazi yake, yule wa kijivu aliwachoka watoto wake, yule mweusi hakujua furaha nyingine. Hatudhani swali hilo lilifika kwa bahati. Kwa maoni yetu mwandishi alizunguka kidonda chake kwa mbali, na paka walimpa njia ya kukizunguka bila kujitetea.

Katika kitabu cha mwaka 2000 mwandishi amekwisha kuwa mzee, na paka wake pia. El Magnifico alipata kansa, akakatwa mguu wa mbele, akabaki na mitatu. Aliyekuwa mkubwa wa nyumba akajifunza upya kushuka ngazi, na aibu yake ilionekana. Tuliposoma hayo tukamkumbuka yule baba wa shambani na mguu wake wa mti, na binti aliyemtazama akitembea.

Juma lililofuata tulimsimulia mzee wetu haya yote, tukiwa tumeketi nyuma ya kanisa. Alicheka pale pa paka wa kijivu. Pale pa paka arobaini alinyamaza. Tulipokwisha akauliza: «Na yule mama, baada ya kurudi safari, alishika tena kazi yake ile?»

Tukarudi nyumbani kusoma tena kurasa zile kwa ajili ya mama huyo. Tulikuwa tumesoma kitabu chote kwa macho ya binti.