Merikebu za Angani na Ukweli wa Kubuni

Ziko sanaa ambazo watu wazima huzicheka kabla ya kuzitazama. Moja yao ni kuunda na kupaka rangi mifano midogo ya merikebu za angani, zile zisimuliwazo katika hadithi za kubuni za sayansi na kuonyeshwa katika sinema. Husemwa kuwa huu ni mchezo wa watoto: plastiki kidogo, gundi kidogo, rangi kidogo, na mwisho wake ni pambo la rafu. Hukumu hiyo hukatwa kwa haraka mno. Kila kazi ya mkono yastahili kuulizwa swali moja kabla ya kuhukumiwa, nalo ni hili: je, inasema kweli? Swali hilo ni gumu hasa kwa sanaa hii, kwa sababu kitu inachokiiga hakipo popote.

Fundi wa Lamu achongaye jahazi dogo la mti anaye wa kumsahihisha. Jahazi lenyewe li bandarini. Akikosea omo au tezi, akisimamisha mlingoti mahali pasipo pake, au akifunga foromali kinyume, baharia yeyote apitaye atamwonyesha kosa lake. Mwunda merikebu ya angani hana bandari ya kwenda kutazama, wala hakuna nahodha wa kumwonya. Je, yu huru kufanya apendavyo? Wengi hudhani hivyo, na dhana hiyo ndiyo iharibuyo kazi zao. Mimi naona kinyume chake. Asiye na kitu cha kuiga hana budi kushika sheria kwa nguvu zaidi kuliko aliye nacho.

Sheria ya kwanza ni ya ukubwa. Sinema ya Star Wars ilionyeshwa kwanza mwaka 1977. Mwanzoni mwake chombo kimoja kinakimbia, na nyuma yake chaja chombo cha vita kinachojaza kiwambo chote, hata mtazamaji hudhani hakina mwisho. Mezani kwa mafundi mambo yalikuwa kinyume. Mfano wa chombo kinachokimbia ulikuwa na urefu wa futi 6 hivi. Mfano wa jitu linalokifukuza ulikuwa wa futi 3 tu. Mdogo alimfukuza mkubwa, na dunia nzima ikaona mkubwa akimfukuza mdogo.

Jambo hili liliwezekanaje? Jicho halibebi futi wala mizani. Likiona ukuta mtupu, halijui kama ni wa kibweta au wa ngome. Likiona juu ya ukuta huo madirisha mengi madogo, mabomba na vifuniko, hukata shauri mara moja kuwa ukuta ni mkubwa. Mafundi wa sinema hiyo walifanya kazi California, katika karakana iliyoanzishwa na George Lucas mwaka 1975. Walinunua masanduku ya mifano ya plastiki ya vifaru, manowari, ndege na magari ya mashindano, wakavitoa vipande vyake na kuvibandika juu ya merikebu zao. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kutumiwa Uingereza katika sinema ya Stanley Kubrick iitwayo 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968, ambayo mfano mkubwa wa chombo chake, Discovery, ulikuwa na urefu wa futi 54. Haba na haba hujaza kibaba. Na vipande vidogo vilivyopangwa kwa akili hujaza anga.

Nasema kwa akili, kwa maana wako waigaji walioona vipande wasione sababu yake. Hubandika kila mahali, mfano ukawa kama mwamba ulioota chaza. Bomba halina litokako wala liendako. Kifuniko hakifuniki kitu. Kazi za mabwana hao wa 1977 zina mahali patupu pa kupumzisha jicho, na mahali palipojaa pa kulishughulisha. Utupu ule nao ni kazi, na ni vigumu kuujifunza.

Sheria ya pili ni ya rangi, na hapa hesabu yapasa kutangulia brashi. Mwaka 2017 kampuni ya Bandai ya Japani ilitoa mfano wa merikebu Millennium Falcon kwa kipimo cha 1 kwa 72, wenye urefu wa karibu sentimita 48. Katika kipimo hicho mtu mwenye kimo cha sentimita 180 huwa na sentimita 2.5. Basi mpaka rangi akichora mkwaruzo wa upana wa milimita 1, ameiambia merikebu kuwa ina jeraha la upana wa sentimita 7.2, karibu sawa na kiganja cha mkono. Akichora mikwaruzo 100 ya namna hiyo, hakuonyesha merikebu iliyosafiri sana. Ameonyesha merikebu iliyokatwakatwa kwa mapanga. Rangi nzito ni uongo. Rangi iliyozimuliwa vizuri, ikapakwa tabaka baada ya tabaka, hukaribia kweli.

Sheria ya tatu ni ya uchakavu, nayo ndiyo ivunjwayo zaidi. Millennium Falcon hupendwa kwa sababu ni merikebu kuukuu ya mizigo, yenye viraka na masizi, na kila doa lake lina habari ya kueleza. Waigaji wameona uchafu ule wakaupenda, kisha wakaumwaga juu ya kila chombo. Hupaka kutu nyingi juu ya merikebu ambayo katika hadithi yake haitui kamwe. Nayo kutu haizaliwi pasipo hewa na maji. Huchora michirizi ya kushuka chini. Nacho chombo kisichotua hakina chini wala juu. Chombo cha Apollo 11, kilichorudi kutoka mwezini mwaka 1969, kiliungua zaidi upande uliotangulia kuipasua hewa. Moto ulikuwa na sababu, basi alama yake ikawa na mahali pake.

Mfano wa merikebu Enterprise, uliotumiwa katika michezo ya televisheni ya Star Trek, unatufundisha kiasi. Una urefu wa futi 11, uliundwa mwaka 1964, na mwaka 1974 ulitolewa kwa taasisi ya Smithsonian, Marekani. Mwaka 1991 ulitengenezwa upya, na mistari ya vibamba ikatiwa mkazo kiasi kwamba wengi waliuona si ule walioujua. Katika matengenezo yaliyokwisha mwaka 2016, wahifadhi walirudi kwenye rangi ya kale iliyosalia juu ya sahani yake, wakaifanya kuwa shahidi. Alama zake za asili ni nyepesi kama kivuli. Merikebu ya jeshi lenye nidhamu haikustahili mavazi ya mchukuzi.

Yuko atakayesema: hadithi ni ya kubuni, na madini ya merikebu hizo hayajulikani, nani ajuaye kama hayashiki kutu penye utupu? Jibu ni kwamba mbunifu ana haki ya kuweka sheria, lakini hana haki ya kuisahau. Akisema madini yake hushika kutu angani, basi na yashike pande zote, si pale tu brashi ilipopenda kupita. Mtunzi wa hadithi hufungwa na kifungo hicho hicho: shujaa aliyekuwa kiwete katika sura ya kwanza asikimbie mbio katika sura ya tatu bila ya kuponywa.

Msomaji kijana atakaye kujaribu sanaa hii na atwae karatasi kabla ya kutwaa brashi. Aandike habari za merikebu yake: ina umri gani, yapakia nini, yatua wapi, nani huiosha, na nini kiliipiga ubavuni. Kisha apake rangi yale tu yaliyoandikwa. Wahenga walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mfano uliopambwa pasipo fikira ni mkakasi. Ule uliotanguliwa na fikira, hata ukiwa na kasoro za mkono, humfanya mtazamaji aamini safari ambayo haikufanywa kamwe. Kuaminika huko ndiko sifa ya sanaa, nako hakununuliwi pamoja na sanduku la vipande.