Abiria "Aliyeachwa na Ndege": Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Haki za Wasafiri

Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri wetu wamekabiliwa na fani ambazo hapo awali waliachiwa wataalamu peke yao. Mojawapo ni sheria ya usafiri wa anga. Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotawala wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria wa safari za kimataifa. Nakala rasmi za mkataba huo ni za lugha sita, na Kiswahili hakimo. Hata hivyo, mwananchi wa kwetu huelezwa haki zake kwa Kiswahili. Kwa hiyo neno lililochaguliwa vibaya laweza kumpotezea haki kabla hajafika mbele ya hakimu. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno machache yanayotumika sana, na kipimo chetu ni kimoja: je, neno linaonyesha ni nani mwenye wajibu?

Kwamba neno moja laweza kuamua kesi si jambo la kubuni. Mwaka 1983 ndege ya Eastern Airlines, iliyokuwa ikitoka Miami kwenda Bahamas, ilizimikiwa na injini zake zote tatu, na abiria wakaambiwa kwamba itatua baharini. Injini moja ikawaka tena, ndege ikatua salama. Abiria walidai fidia kwa hofu iliyowapata. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ilichunguza maana ya maneno ya Kifaransa "lésion corporelle" yaliyomo katika Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, ikaamua kuwa hayahusu mfadhaiko wa moyo peke yake. Mfasiri wa Kiswahili anayeandika "madhara" tu amepanua sheria. Anayeandika "jeraha" ameibana, kwani aghalabu neno hilo huleta picha ya kidonda. "Dhara la mwili" lafaa zaidi.

Tuje sasa kwenye msemo wa kila siku: "kuachwa na ndege". Katika Kiswahili, basi, treni na meli humwacha aliyechelewa. Lawama ni ya msafiri. Lakini wako abiria wawili tofauti. Wa kwanza alilala hadi jua likapanda. Wa pili alifika mapema, tikiti mkononi, akakuta shirika limeuza nafasi nyingi kuliko viti vilivyomo. Wote wawili husemwa kuwa "wameachwa", ingawa sheria haiwaoni kuwa sawa. Kanuni Na. 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya humhusu pia msafiri wa kwetu anayeondoka katika kiwanja cha ndege cha Umoja huo, au anayekwenda huko kwa ndege ya shirika lenye leseni ya huko. Kanuni hiyo iliweka fidia ya euro 250, 400 au 600, kwa kadiri ya umbali, kwa abiria wa namna ya pili. Tunapendekeza aitwe abiria "aliyenyimwa nafasi", kwa kuwa kunyimwa ni kukoseshwa kilicho chako, na tena kitenzi hicho humtafuta mtendaji: amenyimwa na nani? Yule anayerudishwa kwa sababu ya afya, usalama au hati zisizotimia, huyo "amezuiwa kupanda". Tusiwachanganye.

Kanuni hiyo hiyo hulitaka shirika kutafuta kwanza abiria walio tayari kuacha nafasi zao kwa manufaa watakayokubaliana. Kuwaita hao "wanaojitolea" ni kosa. Kwetu anayejitolea hadai malipo, ilhali huyu anafanya mapatano. Na aitwe "abiria anayeridhia kuacha nafasi".

Kadhalika "kuahirisha" hutumika ovyo mahali pa "kufuta". Safari iliyoahirishwa yangojewa. Iliyofutwa humpa abiria hiari ya kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa njia nyingine. Anayesikia "imeahirishwa" huketi akangoja, bila kujua kwamba ana la kuchagua.

Maneno yenye kasoro kubwa zaidi ni yale yanayohusu wasafiri wenye ulemavu. Kwa bahati njema, sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 imekwisha kutuimarishia "watu wenye ulemavu", nasi hatuna haja ya kurudi kwenye "vilema". Tatizo liko kwa kundi pana zaidi linalotajwa katika Kanuni Na. 1107 ya mwaka 2006 ya Umoja wa Ulaya. Wapo wanaolifasiri kuwa "wasioweza kutembea", na wapo wanaosema "wasiojiweza". Tafsiri ya kwanza humtupa nje kipofu, kiziwi, mzee, na hata mtu aliyevunjika mguu ambaye atapona mwezi ujao, na wote hao wamo katika kanuni. Ya pili huvunja heshima bila kueleza lolote, kwani mwanasheria kiziwi anajiweza. Anachokosa ni tangazo analoweza kulisoma. Tunapendekeza "abiria mwenye ugumu wa kujimudu safarini".

Abiria huyo, tunaambiwa, "huomba msaada saa 48 kabla ya safari". Sentensi hiyo ina makosa mawili. Msaada kwetu hutolewa kwa hisani, na asiyeupata hana pa kushtaki. Kanuni haisemi hisani: inauwajibisha uongozi wa kiwanja kutoa huduma bila malipo ya ziada. Wala abiria haombi, anatoa taarifa. Hata asipoitoa kwa wakati, wahusika bado wanatakiwa kufanya kila juhudi ya busara. Iandikwe, basi: "hutoa taarifa ya huduma anayoihitaji".

Hata hivyo, mfasiri hana mamlaka ya kuirekebisha sheria. Kiti mwendo kilichokabidhiwa kwa shirika huhesabiwa na Mkataba wa Montreal kuwa mzigo, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ya mizigo ni vizio 1,519 vya hesabu vya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria. Kiti cha umeme chaweza kuzidi thamani hiyo. Kukiita "kiungo cha abiria" kungependeza, lakini kungemdanganya mwenyewe. Tafsiri na iseme "mzigo". Kisha maelezo kwa umma yaongeze kwamba abiria aweza kutangaza thamani yake wakati wa kukikabidhi, na kulipa nyongeza ikitakiwa, ili kikomo kipandishwe.

Huenda ikasemwa kwamba "kuachwa" na "msaada" ni maneno mepesi yaliyozoeleka. Lakini "kunyimwa" na "huduma" ni mepesi vilevile, na hata mtoto huyajua. Kwa muhtasari, tunapendekeza:

(a) dhara la mwili, si jeraha wala madhara tu;
(b) kunyimwa nafasi, na kuzuiwa kupanda, kila moja kwa maana yake;
(c) kuridhia kuacha nafasi, si kujitolea;
(d) kufuta safari, pasipokuwa na safari ya kungojewa;
(e) abiria mwenye ugumu wa kujimudu safarini;
(f) kutoa taarifa ya huduma, si kuomba msaada.

Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale yatakapogoma.