Mstari Mmoja Wenye Sababu: Kumpima Fundi wa Kadi ya Sauti kwenye Linux

Mwenye studio ndogo Kirumba au Nyegezi, hapa Mwanza, anayetaka kurekodi kwaya bila kununua leseni za programu anaweza kuanza na vitu vitatu: kompyuta ya kawaida, Linux, na kadi ya sauti ya USB. Kinachobaki ni fundi wa kuviunganisha. Fundi hodari na fundi wa kubahatisha wote watakuachia mashine inayotoa sauti siku ya kwanza. Tofauti yao utaiona Jumapili ya tatu, kwaya imeshasimama, maiki zimeshafunguliwa, na kadi haionekani. Mwongozo huu ni wa kuwatofautisha kabla ya Jumapili hiyo.

Pima kwa noti ndefu

Usiipime mashine kwa ngoma. Ngoma za Kisukuma, kama zinazochezwa pale Bujora, Kisesa, zina mpigo mkali unaomeza kasoro ndogo. Iambie kwaya ishike noti moja kwa pumzi nzima, au rekodi nanga ya Kihaya na uache uzi ufifie wenyewe. Hapo sauti ikikatika hata kidogo, utasikia.

Kisha msikilize fundi anavyouita ugonjwa. Kama ni mungurumo mzito usiokoma, chanzo chake mara nyingi ni umeme, ambao kwetu ni wa 50 Hz. Fundi mzuri huchomoa chaja ya kompyuta mpakato. Mungurumo ukipotea, anajua tatizo liko kwenye ethi. Mwanza ni jiji la miamba, na nondo ya ethi haizami kirahisi kwenye jiwe. Anayebadili mipangilio ya moduli, yaani kiendeshi cha kadi, ili kutibu mungurumo wa namna hiyo anapaka dawa mguu mzima.

Kama sauti inakatika ovyo, bila mpangilio, aanze na waya na habu. Sauti ya USB husafiri kwa vifurushi visivyorudiwa: kikiharibika njiani, kompyuta haiombi kingine. Hakuna mpangilio wa moduli utakaorudisha kilichopotea kwenye waya uliolegea.

Kama inakatika kwa vipindi vilivyo sawa, hasa unaporekodi na kusikiliza kwa wakati mmoja, shuku saa za kadi. Zipo kadi ambazo sauti inayoingia ndiyo inayoipimia mwendo sauti inayotoka, kama wachezaji wanavyofuata mguu wa manju. Hapo ndipo kipengele cha moduli kiitwacho `implicit_fb` kina kazi ya kufanya.

Auulize mfumo kabla ya kuandika

Kiendeshi tunachokizungumzia ni moduli iitwayo `snd-usb-audio`. Ni sehemu ya ALSA, mfumo wa sauti uliokuja na kerneli ya Linux 2.6 mwaka 2003. Fundi anayestahili malipo hafungui faili lolote kabla ya kuangalia mambo manne: `lsusb`, kujua kama kompyuta inaiona kadi, `cat /proc/asound/cards`, kujua kama ALSA imeipokea na imeipa namba gani, `dmesg`, kusoma kerneli inalalamikia nini, na `modinfo -p snd_usb_audio`, kujua moduli ya mashine hiyo inakubali vipengele gani.

Hilo la nne ndilo kipimo changu kikubwa. Maelekezo mengi ya zamani yanamwambia mtu aandike `nrpacks=1`. Moduli ya leo haina tena kipengele hicho. Kerneli hukitaja kuwa hakijulikani na kuendelea na safari. Ukikikuta kwenye kompyuta mpya, ujue fundi alinakili bila kusoma.

Faili liwe fupi

Mipangilio hukaa ndani ya `/etc/modprobe.d/`, kwenye faili ambalo jina lake lazima liishie na `.conf`, likikosa mkia huo, halisomwi. Mstari wenyewe ni wa namna hii:

`options snd_usb_audio index=1`

Maana yake ni kwamba kadi ya USB ishike namba 1 na kuiachia kadi ya ndani namba 0. Ukiwa na kadi mbili za USB za aina tofauti, moduli ni ileile moja, kwa hiyo fundi huorodhesha namba kwa mikato, kisha hutumia `vid` na `pid`, yaani utambulisho wa mtengenezaji na wa kifaa, ili kila kadi irudi kwenye nafasi yake. Aliye bora zaidi huenda hatua moja mbele: kwenye programu ya kurekodi huiita kadi kwa jina lake, ili namba zikibadilika kazi isisimame.

Mtazame pia anavyojaribu mabadiliko. Faili hilo husomwa wakati moduli inapopakiwa. Kuchomoa kadi na kuichomeka tena hakuipakii upya, maana moduli hubaki kwenye kumbukumbu. Lazima programu zinazoitumia kadi zifungwe, moduli iondolewe kwa `modprobe -r` na kurudishwa, au kompyuta iwashwe upya. Anayechomoa waya tu na kusema "haikusaidia" hajajaribu kitu bado.

Bafa isiyo na majivuno

Baadhi ya mafundi hujisifia bafa ndogo, yaani akiba ya sauti inayosubiri zamu yake kwenye kompyuta. Piga hesabu. Sampuli 256, mara vipindi 3, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 16 upande wa sauti inayotoka. Huo ni muda ambao sauti hutumia kusafiri hewani kama mita tano na nusu, mwimbaji huvumilia. Ukiweka sampuli 1,024 kwa vipindi vilevile inakuwa milisekunde 64, sawa na mita 22, na mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni ataanza kuburuta. Kazi nzuri ni bafa ndogo kadiri mashine inavyoweza kuistahimili kwa saa nzima bila kukatika. Dakika mbili za majaribio hazitoshi.

Jaribio la mwisho: swichi ya ukutani

Kabla ya kulipa, zima kompyuta na uiwashe mara tatu. Badilisha tundu la USB. Washa ukiwa umeshachomeka kadi, kisha washa ukiwa hujaichomeka. Kadi ikishika nafasi yake kila mara, kazi imekamilika. Umeme unaokatika na kurudi utalifanya jaribio hilo bila kukuomba ruhusa. Afadhali ulifanye mwenyewe fundi akiwa bado amekaa.

Mwisho, mwambie akufungulie faili alilolibadilisha, akueleze kila neno. Faili hilo huruhusu maelezo kwenye mistari inayoanza na alama ya `#`. Mtake ayaandike kwa Kiswahili: tarehe, tatizo lililosikika, na sababu ya mstari huo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Mistari mitatu ya maelezo haiwezi kutushinda. Faili lenye mistari kumi asiyoweza kuieleza, mrudishie aliyeliandika. Lenye mstari mmoja wenye sababu, mlipe, na uihifadhi namba yake ya simu.