Makombo ya Wimbo

Vijana wapenda muziki wana ubishi usiokwisha. Mmoja anaapa kwamba MP3 ni makapi matupu; mwenzake anacheka, eti hayo ni majivuno ya wenye hedifoni za bei mbaya. Mimi naona wote wawili wanauliza nusu ya swali.

Tuanze na hesabu. CD inatumia biti 1,411,200 kila sekunde. MP3 ya kilobiti 128 inabakiza kama sehemu 1 tu kati ya 11. Nyingine zimekwenda wapi? Zimetupwa, tena kwa mpango. Wabunifu wake, akiwemo Mjerumani Karlheinz Brandenburg, walitumia udhaifu wa sikio: sauti kubwa humeza sauti ndogo iliyo jirani nayo. Kisichosikika cha nini? Brandenburg alijipima kwa "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, wimbo usio na ala, na mwanzoni sauti ya yule mama iliharibika vibaya. Sauti ya mtu ikiwa peke yake haina pa kujificha.

Miaka ya 2010, mtunzi Mmarekani Ryan Maguire aliokota makombo ya wimbo huohuo, yaani sauti zilizotupwa na MP3, akatengeneza kazi aliyoiita "moDernisT". Jina lenyewe ni herufi za "Tom's Diner" zilizovurugwa. Ukiisikiliza ni minong'ono mitupu, kama mzuka unaimba chumba cha pili. Kazi inasisimua, sikatai. Ila wanaoishika kama ushahidi kwamba masikio yetu yanaibiwa wamekosea. Makombo yale tunayasikia kwa sababu yamefunuliwa. Ndani ya wimbo yalikuwa yamefunikwa. Maguire anathibitisha kwamba kuna kitu kimekatwa. Kwamba kuna anayekikosa, hilo bado.

Hebu jipime mwenyewe. Mwenzako akuchezee faili mbili mara 16 bila kukuambia ipi ni ipi, na ukubwa wa sauti uwe sawa, maana inayopiga kwa nguvu kidogo hudhaniwa ni bora. Kwa kubahatisha tu utapata kama 8. Ukifikisha 12, hapo tutakusikiliza. Kwenye kilobiti 128, hasa zilizobanwa na programu za zamani, matoazi na makofi huumbua: yanachuruzika kama maji. Kwenye 320, wengi wetu tunabahatisha, majigambo kando.

Basi MP3 imeshinda? Ndani ya daladala, imeshinda. Lakini kusikiliza siyo kuhifadhi, na hapa ndipo ubishi wetu unapopwaya. Chukua kanda za muziki wa dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Tukizihamishia kwenye MP3 peke yake, halafu kanda zikaoza, kilichotupwa hakirudi. Na kila tukiibana upya nakala iliyokwisha kubanwa, tunatupa tena. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, nayo inabana, lakini kama mtu anayekunja nguo vizuri: fungua begi, zote zimo. MP3 inapunguza uzito wa begi kwa kuacha nguo nyumbani.

Tena kesho atatokea kijana anayetaka kulitoa gitaa la solo peke yake alifanyie kazi mpya. Akiondoa tumba na tarumbeta, kifuniko kimeondoka, na mashimo yanabaki wazi. Hilo ndilo fundisho kubwa la Maguire, kubwa kuliko ubishi wa nani ana masikio.

Sisi waandishi tusijifanye wageni wa jambo hili. Mhariri anakata aya tatu na msomaji hashtuki. Lakini nani kati yetu angechoma mswada kwa sababu hiyo? Rushianeni MP3 mpendavyo, bando lenyewe si la bure. Ila mwenye kanda ya asili asiitupe, na akiihamisha, aihamishe nzima.